Benchi la Atlanta (Sehemu ya Pili)

ILIPOISHIA WIKI ILIYOPITA...

Usiku wa Januari 8, 2018, mjini Atlanta, Marekani, vyuo vikuu vya Alabama na Georgia vimekutana kwenye fainali ya taifa ya futiboli ya Kimarekani. Alabama imetoka kuifunga Clemson 24-6 siku ya mwaka mpya. Georgia imetoka kuiangusha Oklahoma 54-48 baada ya muda wa nyongeza mara mbili. Kocha wa Georgia ni Kirby Smart, aliyeifahamu kazi akiwa msaidizi wa kocha wa Alabama, Nick Saban, na sasa amekuja kumvua mzee kilemba. Sekunde 7 kabla ya mapumziko, Mecole Hardman wa Georgia anapenya na mpira. Ubao unasoma 13-0. Jalen Hurts, kwotabeki wa Alabama, kijana wa miaka 19, anaingia vyumbani akiwa amerusha mpira mara 8 na kuwafikia wenzake mara 3 tu, jumla yadi 21.

SASA ENDELEA...

Yadi 21 mtu mzima anazimaliza kwa hatua ishirini na kitu. Huo ndio umbali wote ambao mkono wa Hurts ulikuwa umeipeleka timu mbele katika dakika 30 za fainali.

Kwa wewe uliyeikosa sehemu ya kwanza, au uliyezoea soka letu tu, nikuwekee sawa jambo moja. Katika mchezo huu timu inayoshambulia ina majaribio 4 ya kusogea yadi 10. Ikifanikiwa inapata mengine 4. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Ukiufikisha mwisho wa uwanja umefunga tachidauni, pointi 6, na moja ya nyongeza kwa mkwaju mfupi. Ukiona huwezi kufika, unapiga mkwaju kupitisha mpira katikati ya nguzo mbili, unapata 3. Karibu kila jaribio huanzia mikononi mwa kwotabeki. Ana sekunde mbili tatu za kuamua: amkabidhi mkimbiaji, akimbie nao mwenyewe, au aurushe kwa mwenzake aliye mbele.

Kwenye soka kocha akimtoa mshambuliaji, wengine kumi wanaendelea na kazi zao. Ukimtoa kwotabeki umebadilisha hata sauti inayotoa maagizo. Ndiyo maana makocha wengi wakibanwa huenda wakabadilisha mbinu, wakabadilisha wakimbiaji, wakagombana na waamuzi, ilimradi wasimguse yule mmoja.

Na huyu aliyetakiwa kuguswa hakuwa galasa. Hurts alikuwa ameanza mechi 27 na kushinda 25. Mwaka wake wa kwanza tu chuoni, 2016, alichaguliwa mchezaji bora wa mashambulizi wa kanda ya SEC, kanda ngumu kuliko zote nchini mwao. Ni mtoto wa kocha: baba yake, Averion Hurts, ndiye aliyemfundisha pale sekondari ya Channelview, Texas. Kijana mkimya, miguu ya chuma, mtu asiyebabaika. Katika fainali ya Januari 2017 dhidi ya Clemson, zikiwa zimebaki dakika 2 na sekunde 7, alikimbia na mpira yadi 30 akaiweka Alabama mbele. Clemson wakapindua matokeo ikiwa imebaki sekunde moja, wakashinda 35-31. Kwa dakika mbili hivi, akiwa na miaka 18, alikuwa bingwa wa taifa.

Sasa amerudi fainali, na Kirby Smart anamjua. Georgia walifanya hesabu rahisi: wakawarundika watu wao mbele kuzuia mbio, wakamwambia Hurts kwa vitendo, haya, rusha tuone. Akarusha. Mkashuhudia.

Kwenye benchi alikaa kijana mwingine, namba 13, Tua Tagovailoa, mwaka wa kwanza, Msamoa kutoka Ewa Beach, Hawaii. Msimu mzima alikuwa anaingizwa mechi zikiwa zimeshaisha, Alabama ikiongoza kwa mbali, mashabiki wakitafuta funguo za magari. Tua anaandika kwa mkono wa kulia na anakula kwa mkono wa kulia, lakini mpira anaurusha kwa kushoto. Baba yake, Galu, ndiye aliyekuwa mashoto pekee katika familia, akaamua mwanawe wa kwanza atamfuata. Kwa hiyo mpira wa Tua hujizungusha hewani kinyume na walivyozoea wapokeaji wengi, na anaporusha, mgongo wake unatazama upande wa kulia, yaani mlinzi aliyezoea kazi nyepesi ndiye anayebeba uhai wake.

Huyo ndiye mtu wa kumpa kipindi cha pili cha fainali? Mtoto ambaye hajawahi kuanza mechi hata moja?

Simulizi nyingine zingekuandikia hapa kocha akipiga ngumi kabati na kutoa hotuba ya machozi. Mimi nakupa alichokieleza Saban mwenyewe baadaye, na ni kikavu kama risiti ya duka: walihitaji kurusha mpira, na aliamini Tua angeurusha vizuri zaidi. Basi. Mzee huyo alikuwa na miaka 66 na mataji 5 ya taifa, moja akiwa na chuo cha LSU na manne na Alabama. Taji la sita lingemfikisha alipo Bear Bryant, kocha ambaye Alabama wanamtaja kama watu wanavyomtaja mtume. Wasaidizi wake wa zamani walikuwa wamekutana naye uwanjani mara 11, wote wakalala. Mtu mwenye rekodi ya namna hiyo angeweza kupoteza fainali moja kwa heshima, na hakuna ambaye angemuuliza kwa nini alimwamini kijana aliyeshinda mechi 25.

Nje, kwenye bustani ya Centennial Olympic, Kendrick Lamar alikuwa anatumbuiza kwa ajili ya televisheni. Kwetu Afrika Mashariki mechi ilikuwa imeanza saa kumi alfajiri ya Jumanne, na wachache walioikesha walikuwa wanasikia adhana au jogoo, kutegemea mtaa.

Timu zikarudi. Mashambulizi ya Alabama yakaingia uwanjani. Hurts alikuwa amesimama pembeni, jezi yake namba 2 haina kazi. Aliyekuwa katikati ya wenzake akitoa maagizo alikuwa namba 13.

*

Mara ya kwanza hakufanya kitu. Majaribio matatu, hakuna la maana, mpira ukarudi kwa Georgia. Waliokuwa wakisema mzee amechanganyikiwa wakapata la kusemea.

Mara ya pili Alabama walihitaji yadi 7 kwenye jaribio la tatu. Tua akarudi nyuma, akaona pengo halipo, mabeki wa Georgia wakamzingira. Kwa kawaida mtoto wa mwaka wa kwanza hapo anaanguka, anaukumbatia mpira na kumshukuru Mungu. Huyu akajinyonga kiuno, akamkwepa mmoja, akageuka, akamkwepa mwingine, akatoka na yadi 9. Muda mfupi baadaye akamrushia Henry Ruggs, naye mwaka wa kwanza, wakafunga tachidauni. 13-7.

Tazama hapo msomaji wangu jinsi usiku ule ulivyogeuka wa watoto. Ruggs mwaka wa kwanza. Najee Harris, mkimbiaji aliyeanza kuwachosha Georgia kipindi cha pili, mwaka wa kwanza. Mlinzi wa upande wa kushoto, Jonah Williams, alipoumia aliingia Alex Leatherwood, mwaka wa kwanza. Hata kwotabeki wa Georgia, Jake Fromm, alikuwa mwaka wa kwanza.

Na Fromm hakuwa mtu wa kuchezewa. Mara akamwona Hardman amewaacha watu, akamtumia mpira wa mbali. Yadi 80. 20-7.

Kisha likatokea jambo ambalo lingemmaliza Saban kabisa. Wachezaji wa Alabama waliingia kwenye jaribio wote wakijua wanakimbia na mpira. Wapokeaji wakaanza kazi ya kuzuia mabeki. Kila mtu alikuwa na mpango mmoja isipokuwa kwotabeki: Tua akaurusha. Deandre Baker wa Georgia akaunasa kama ametumwa dukani kuufuata.

Pembeni, kocha aliyemtoa mshindi wa mechi 25 alikuwa amemwingiza kijana asiyejua timu yake inacheza nini. Nyuma kwa pointi 13, mpira kwa Georgia. Hurts bado yupo, mzima, hajaumia, helmeti yake iko karibu. Kubadili tena ni neno moja tu.

Saban hakulisema hilo neno.

*

Bahati nayo ina kazi yake, tusiifiche. Muda mfupi baadaye Fromm alirusha, mpira ukagonga mtu, ukapaa, ukatua mikononi mwa Raekwon Davis, jitu la safu ya ulinzi ya Alabama ambalo halikuajiriwa kudaka. Mpira ukarudi kwa Tua. Alabama wakapata mkwaju, 20-10. Robo ya nne wakapata mwingine, 20-13.

Zikiwa zimebaki dakika 3 na sekunde 49, Alabama wako yadi 7 kutoka mstari wa mwisho. Jaribio la nne. Ukikosa hapo mechi imekwisha, watu wakavae makoti. Tua akamtafuta Calvin Ridley, akampata. 20-20.

Alabama wakaupata mpira tena, wakasogea, wakasogea, hadi zikabaki sekunde 3 na mkwaju wa yadi 36. Huo kwa mpigaji wa ngazi ile ni kazi ya kila siku. Andy Pappanastos akaupiga, ukaenda kushoto mwa nguzo. Mashabiki waliokuwa wameshaanza kukumbatiana wakaachiana.

Muda wa nyongeza. Kila timu inapewa mpira yadi 25 kutoka lango la wenzake. Georgia wakaanza, Alabama wakawarudisha nyuma, lakini Rodrigo Blankenship, mpigaji wao mvaa miwani, akaupitisha mkwaju wa yadi 51. Georgia 23, Alabama 20. Georgia hawakuwa wamechukua taji la taifa tangu 1980. Watu wazima wenye wajukuu walikuwa wanalia kabla ya wakati.

Zamu ya Alabama. Mkwaju mmoja unasawazisha, kwa hiyo hata wasiposogea, wako mahali pazuri. La muhimu ni kutorudi nyuma.

Jaribio la kwanza, Tua akarudi nyuma. Akatafuta, hakuona mtu. Akazidi kurudi. Hapo ndipo kila kocha duniani anapiga kelele: utupe nje! Hakuutupa. Mabeki wawili wa Georgia wakamfikia, wakamwangusha. Hasara ya yadi 16.

Sasa mpira uko yadi 41 kutoka mstari wa mwisho. Jaribio la pili, yadi 26 za kutafuta. Mkwaju kutoka hapo ni wa mbali mno, na mpigaji wao ametoka kukosa wa yadi 36. Maji yalikuwa yamezidi unga.

Tua akaupokea mpira. Macho yake yakaenda kulia. Beki wa nyuma wa Georgia akayafuata macho hayo hatua chache, hatua chache tu. Upande wa kushoto, mwembamba mmoja namba 6, DeVonta Smith, mtoto wa mji mdogo wa Amite, Louisiana, mwaka wa kwanza naye, alikuwa amemwacha mtu wake nyuma na anakimbia wima. Tua akageuka, mkono wa kushoto ukaachia.

Mpira ukaruka yadi zaidi ya 40. Yule beki akagundua amedanganywa, akaanza kukimbia kurudi, kachelewa. Smith akaudaka bila kupunguza mwendo. 26-23. Mchezo umekwisha, Alabama bingwa.

Leo hii pale Alabama mtu akikutajia "ya pili na 26" hana haja ya kuongeza neno. Tua alimaliza na mipira 14 iliyofika kati ya 24, yadi 166, tachidauni 3, akachaguliwa mchezaji bora wa mashambulizi wa fainali. Saban akamfikia Bryant.

*

Na Hurts?

Kamera zilimnasa usiku ule akimpongeza Tua. Alipoulizwa na waandishi alimsifu mwenzake na kusema alijua kijana anaweza. Hakulaumu. Wapo waliomwita mfano wa kuigwa, wakafunga madaftari, wakaenda zao kuandika habari za Tua.

Hapa niseme langu. Uamuzi wa mapumziko pale Atlanta ulikuwa sahihi, na ungekuwa sahihi hata kama mpira wa mwisho ungedondoka, kwa sababu Saban alitazama kilichokuwa kinawasumbua Georgia na kile ambacho hakiwasumbui. Kilichofuata ndicho sikikubali. Majira yote ya kuchipua na kiangazi cha 2018, Alabama nzima ilikuwa inajadili nani ataanza, redioni, kwa vinyozi, makanisani, na mzee akawa hataki kulizungumza. Agosti, siku ya kukutana na vyombo vya habari, Hurts akavunja ukimya wake. Akaeleza kwamba kwa miezi mingi hakuna aliyemfuata kumuuliza anajisikiaje wala anafikiria nini, mpaka siku chache kabla. Kocha anaweza kumweka mtu benchi kwa dakika 20 za mapumziko bila kumweleza sana. Miezi saba ni habari nyingine.

Septemba 1, mechi ya kwanza dhidi ya Louisville, Tua akaanza, Alabama ikashinda 51-14. Mtangazaji wa ESPN akamuuliza Saban amejifunza nini kuhusu makwotabeki wake. Mzee akamfokea mbele ya nchi nzima. Baadaye aliomba radhi. Mtu aliyeshinda kwa pointi 37 anafoka kwa swali hilo, wewe fikiria kidonda kilikuwa wapi.

Kulikuwa na mlango wa kutokea. Mwaka ule kanuni ilibadilika: mchezaji aliruhusiwa kucheza mechi hadi 4 na bado mwaka wake usihesabiwe. Maana yake Hurts angeweza kucheza hizo 4, akakaa pembeni, akahama chuo na mwaka wake mkononi. Kule Clemson, kwotabeki Kelly Bryant alipoambiwa nafasi yake ameichukua kijana Trevor Lawrence, alifanya hivyo hivyo: baada ya mechi 4 akaaga. Baba yake Hurts alishatamka mapema kwamba mwanawe akitoka, vyuo vitapigana kumgombania.

Mechi ya tano ikafika. Hurts akavaa jezi, akaingia kucheza. Mlango ukafungwa, na aliufunga mwenyewe.

Akawa anasugua benchi, anaingia mechi zikiwa zimeshaisha, kazi ile ile aliyokuwa anaifanya Tua mwaka uliopita. Darasani hakulala: Desemba angehitimu shahada yake ndani ya miaka mitatu. Alabama ikashinda mechi 12 bila kupoteza, na Tua akawa anatajwa kwa tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo.

Kisha ikaja Desemba 1, 2018, fainali ya kanda ya SEC. Uwanja, Mercedes-Benz, Atlanta. Mpinzani, Georgia ya Kirby Smart, ambayo ilikuwa na miezi 11 ya kuiwaza "ya pili na 26".

Safari hii Georgia walikuja na dawa ya Tua. Wakamnasa mipira 2. Wakamkimbiza. Kati ya mipira 25 aliyorusha, 10 tu ndiyo iliyofika. Robo ya tatu waliongoza 28-14, Alabama wakarudisha tachidauni moja, 28-21.

Robo ya nne, zimebaki dakika 11 na ushei, Tua akaanguka. Kifundo cha mguu. Akajaribu kusimama, mguu haumtii. Madaktari wakamtoa akichechemea, mikono mabegani mwao.

Saban akageuka kwenye benchi. Namba 2 alikuwa ameshavaa helmeti.

ITAENDELEA...

Je, Hurts atawafanya nini Georgia, watu waliomfanya atolewe? Na Kirby Smart ataamua jambo gani kwenye jaribio la nne ambalo mashabiki wake wanalijadili hadi leo? Usikose sehemu ya tatu Jumamosi ijayo. Na wewe unayeyajua matokeo, tafadhali usimharibie uhondo mwenzako unayeazimana naye gazeti.